Ukilipwa Mapema, Shtuka

Mtu anayeitilia shaka kazi ya mtandaoni huwa na kipimo kimoja tu: je, hawa wanalipa kweli? Anajaribu kwa kiasi kidogo, analipwa, anaenda kwa wakala anatoa hela, na shaka inaisha. Kipimo hicho ndicho matapeli wanachokitegemea. Yale malipo ya kwanza hayathibitishi kwamba kazi ipo. Ni chambo, na bei yake ilishapigiwa hesabu kabla hujatumiwa ujumbe.

Watanzania wengi wanaikumbuka Leo Beneath London, iliyovuma kwa herufi LBL. Iliahidi kipato cha kila siku kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu. Ila ulianza kwa kuweka fedha, na kadiri ulivyoweka nyingi ndivyo ulivyopanda daraja. Februari 2025 watu walikwama kutoa fedha zao na polisi wakawa wanakamata wahusika. Wakenya walishayaona hayo mwanzoni mwa 2022, Amazon Web Worker Africa ilipotoweka na akiba za watu. Jina lilikopa hadhi ya kampuni ya Marekani isiyohusika nayo kwa lolote.

Chukua kalamu. Tuseme unaweka shilingi 50,000 ili ulipwe 2,000 kila siku kwa kubofya video kumi. Hiyo ni asilimia 4 kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 730,000, zaidi ya mara 14 ya ulichoweka, wakati riba ya hatifungani za miaka 25 za Serikali ya Tanzania kwa miaka ya karibuni haifiki asilimia 16 kwa mwaka. Na ni mfanyabiashara gani atoe 2,000 ili tangazo lake lipitiwe na mtu asiye na haja na bidhaa, anayesubiri tu video iishe? Hiyo 2,000 inatoka kwenye 50,000 ya aliyejiunga jana. Mgeni mmoja anatosha kukulipa siku 25. Ndiyo maana bonasi nono haiendi kwa anayebofya sana, inaenda kwa anayeleta shemeji na majirani. Huu ni upatu uleule wa DECI, uliosambaratika Tanzania mwaka 2009 bila kuhitaji simu janja. Wakati huo watu waliitwa wapande mbegu wavune. Leo wanaitwa kazini, na neno hilo lina heshima zaidi. Nani atamcheka kijana anayetafuta kazi?

Aina ya pili ya utapeli huu haina haja ya umati. Mtu usiyemjua anakuandikia WhatsApp, anakuhamishia Telegram, anakupa kazi ya kupenda video au kusifia hoteli. Unalipwa vijisenti. Kisha linakuja fungu la kazi “maalumu”, salio lako linageuka kuwa hasi, na unaambiwa uweke 80,000 ili 300,000 zako zifunguliwe. Ukiweka, hasi inakua. Zile 300,000 hazijawahi kuwepo. Ni tarakimu zilizoandikwa kwenye kioo. Nchini Marekani, tume ya biashara ya shirikisho ilipokea malalamiko kama 5,000 ya utapeli wa namna hii mwaka 2023, na karibu 20,000 katika nusu ya kwanza tu ya 2024.

Ushauri wa kawaida ni kwamba kazi halali haikutozi kitu. Ni ushauri mzuri, ila haujakamilika. Upwork, soko halali la kazi za mbali, huuza pointi za kuombea kazi, na tapeli anaweza kujitetea kwa mfano huo. Mimi napendekeza swali jingine: je, nikiweka fedha zaidi, mshahara wangu unapanda? Kwenye kazi, mshahara hufuata ujuzi na saa zako. Mshahara ukifuata amana yako, hapo hakuna ajira. Uliza pia mteja ni nani na ananunua nini kutoka kwako. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisikutulize, kwani kusajili kampuni si sawa na kuwa na leseni ya kukusanya fedha za umma.

Ipo na kazi ya “uwakala wa malipo”: fedha ziingie kwenye laini yako, ukate asilimia yako, uzitume mbele. Hapa hupotezi hela, bali unasafirisha za aliyeibiwa kwingine, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wapelelezi wakifuata nyayo, zinaishia mlangoni kwako.

Ukishatuma fedha, kila dakika ina thamani. Piga simu kwa mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe, usifute mazungumzo, hifadhi kumbukumbu za miamala, na uende polisi. Kwa Tanzania, ujumbe wa tapeli utume kwenda 15040, namba ya kuripotia ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Halafu jiandae kwa mgeni mmoja zaidi. Siku chache baadaye huenda akajitokeza “wakili” au “mtaalamu wa kurejesha fedha”, mwenye lugha ya upole, anayeomba ada ndogo ya kufungulia jalada. Muulize namba yako aliipata wapi. Akikutajia kiasi ulichopoteza kabla hujamwambia, kata simu.