Sanamu Zinazocheza: Je, ni Kupoteza Wakati?

Mzazi mmoja katika kikundi alituuliza hivi: "Likizo yote kijana wangu anapinda waya na kukata makopo. Si heri ashike kitabu?" Jibu letu tunaliandika hapa ili vikundi vyote vifaidike.

Huko Marekani ziko kambi za uhandisi ambazo wanafunzi huenda wakati wa likizo. Kazi moja wanayopewa ni kubuni na kuunda sanamu inayocheza. Ukizungusha mkono wake, au upepo ukivuma, ndege wa mbao anapiga mabawa.

Msidhani ni utoto. Alexander Calder, Mmarekani, alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1919, kisha akajulikana kwa sanamu za kuning'inia zinazochezeshwa na upepo. Kule Uholanzi, Theo Jansen alianza mwaka 1990 kuunda wanyama wakubwa kwa mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya za stima. Upepo ukivuma, wanatembea ufuoni.

Basi, kijana anajifunza nini?

Kwanza, kugeuza mwendo. Tazama cherehani: mguu unakanyaga juu na chini, gurudumu linazunguka, sindano nayo inapanda na kushuka. Sasa chukua kigurudumu cha mbao, utoboe tundu kando kidogo ya katikati, upitishe mhimili. Kijiti kilichosimamishwa juu yake kitapanda na kushuka kigurudumu kikizunguka. Hivyo ndivyo bawa la ndege linavyoinuliwa.

Pili, mizani. Ning'iniza ufito mwepesi kwa kamba. Kilo 1 iliyo sentimita 60 kutoka kwenye kamba inasawazishwa na kilo 2 zilizo sentimita 30 upande wa pili.

Tatu, subira. Wanachora, wanajaribu kwa karatasi ngumu, ndipo wanashika mbao. Mara nyingi kitu kinakwama. Mwalimu mzuri hawafanyii kazi, anauliza tu, "Imekwamia wapi?" Kijana akitafuta mwenyewe, kesho ataweza kutafuta kosa kwenye pampu ya maji ya kikundi.

Kumbe magari ya waya ya watoto wetu ni mwanzo wa masomo hayo hayo! Kitabu asikiache, lakini waya pia asinyang'anywe. Mwangalieni tu, maana kingo za makopo zinakata.

Ya kujadiliana kikundini:
1. Vijana wetu wanaunda nini?
2. Ni fundi gani hapa kijijini anaweza kukaa nao siku moja wakati wa likizo?