Tarehe Iliyosogea Mara Mbili

Oktoba 2019 kampuni ya simu ya Telstra, Australia, ilitangaza kuwa mtandao wake wa 3G ungezimwa Juni 2024. Karibu miaka mitano ya kujiandaa. Mtoto aliyezaliwa wiki ile angeshaanza chekechea. Sababu nayo ilieleweka. Masafa ni kama shamba la ukoo, hayaongezeki: ukitaka kupanda 5G, shurti ung'oe kilichokuwapo. Na masafa ya 850 MHz yaliyobeba 3G yana rutuba, kwani husafiri mbali, jambo kubwa katika nchi ambayo shamba moja la ng'ombe laweza kuzidi wilaya zetu kadhaa kwa ukubwa.

Juni ikafika, mtandao ukabaki hewani. Tarehe ikasogezwa hadi 31 Agosti, kisha 28 Oktoba.

Minara haikuwa kikwazo, wala wazee wenye simu za zamani, ambao angalau walijua kuwa tangazo linawahusu. Kikwazo kilikuwa simu za 4G zenyewe. Teknolojia hiyo ilibuniwa kwa ajili ya intaneti, na mwanzoni kila ulipopiga simu, kifaa kilishuka kimyakimya hadi 3G. Baadaye sauti nayo ikapandishwa 4G. Lakini katikati kulibaki kundi la ajabu: simu zilizompigia shangazi kwa 4G bila shida, ila ukibonyeza 000, namba ya dharura ya Australia, ziliikimbilia 3G. Mwenyewe angejuaje? Hakuna anayejaribu namba ya dharura kwa kujifurahisha. Machi 2024 waziri wa mawasiliano, Michelle Rowland, alisema simu za aina hiyo zilikuwa kama 740,000.

Telstra ilifanya jambo moja la maana: ukituma tarakimu 3 kwenda 3498, ulijibiwa kama simu yako ingesalimika. Serikali nayo ikaamuru kwamba simu isiyoweza kupiga 000 ifungiwe kabisa, hata kama intaneti yake inakwenda vizuri. Nadhani amri ilikuwa sahihi, ingawa namwelewa mtu aliyeona simu nzima mkononi mwake ikigeuka kipande cha kioo.

Kinachonishangaza ni kwamba Australia ilikwishapita njia hii. Telstra ilitaka kuzima mtandao wake wa zamani wa CDMA Januari 2008 ili watu wahamie hiyo hiyo 3G. Waziri wa wakati ule, Stephen Conroy, akakataa mpaka watu wa mashambani wahakikishiwe mawimbi. Ukazimwa 28 Aprili.

Tena hizo ni simu, zenye wenyewe wa kulalamika. Mashine hazina wa kuzisemea. Mwisho wa 2016 kampuni ya simu ya AT&T ilizima 2G yake Marekani, na Januari abiria wa San Francisco wakakuta mabasi mengi yametoweka kwenye vibao vya vituoni vinavyoonyesha dakika zilizobaki. Vifaa vilivyotuma taarifa ya mahali basi lilipo vilikuwa vya 2G, na vingi havikuwa vimebadilishwa. Mabasi yenyewe yalikuwa barabarani, yanapakia na kushusha. Kituoni watu wakawa wananyoosha shingo kutazama kona, kama tunavyosubiri daladala.