Konokono, Joto na Chumvi: Jinsi Kichocho Kinavyofika Mbeya

Mkazi wa jiji la Mbeya, lililo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, anapokojoa damu, ni rahisi kichocho kisahaulike. Baridi hudhaniwa kuwa kinga. Dhana hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli unaomhusu konokono, si mgonjwa.

Konokono, kama wanyama wengine wasio na uti wa mgongo, hawezi kujipasha joto. Mwili wake hufuata joto la maji aliyomo. Konokono wa jenasi ya Biomphalaria hueneza kichocho cha tumbo, na wa jenasi ya Bulinus hueneza kichocho cha kibofu. Wote hustawi zaidi katika maji ya nyuzi joto 20 hadi 28 hivi. Maji yakiwa na nyuzi 25, kimelea hukomaa ndani ya konokono kwa wiki nne hadi sita. Yakipoa, muda hurefuka, na chini ya nyuzi 15 ukuaji karibu husimama. Joto kali nalo humdhuru: hutaga mayai machache, hufa mapema. Wataalamu wengi hueleza kwa sababu hiyo kwa nini kichocho cha tumbo hakikupata makao Unguja na Pemba, ilhali cha kibofu kimeenea huko kwa miaka mingi.

Chumvi ni mpaka wa pili. Chaza wa mikokoni hufunga kombe lake mvua inapopunguza chumvi ya bahari, akangoja. Konokono wa kichocho hana uwezo wa kuvumilia maji ya bahari. Chumvi nyingi hunyonya maji ya mwili wake, naye hufa. Kungoja anakojua ni kungoja maji: jaruba likikauka hujificha katika tope, hupunguza shughuli za mwili na kuishi hivyo miezi kadhaa. Kwa hiyo kiangazi hakimalizi ugonjwa.

Hata yai la kichocho huitii chumvi. Likiwa ndani ya choo au mkojo halianguliki upesi. Likifika kwenye maji matamu yenye joto na mwanga, hupasuka na kutoa kiluwiluwi kinachomtafuta konokono. Jambo hili lina uzito maabara. Sampuli ya choo iliyochanganywa na maji ya bomba badala ya myeyusho wa chumvi wa asilimia 0.85 inaweza kuangua mayai kabla ya hadubini kuyaona, na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Mkojo nao ukusanywe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, pamoja na matone ya mwisho, upimwe bila kukawia.

Nyanda za Juu zenyewe si baridi tupu. Mito ya safu za Uporoto na Kipengere huteremka hadi Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, lenye mita 1,000 na ushei tu. Pawaga, mkoani Iringa, iko chini zaidi, na ufuko wa Ziwa Nyasa huko Kyela haufiki mita 500. Katika mashamba ya mpunga ya mabonde hayo maji ni vuguvugu na mwendo wake ni wa pole, na wapandikizaji hushinda ndani yake hadi magotini. Wengine hurudi mjini msimu ukiisha.

Swali la "unaishi wapi?" basi halitoshi, mgonjwa aulizwe pia ameingia maji gani na lini. Kwa mwanamke, vidonda vya kichocho kwenye mlango wa kizazi huweza kudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa, akapewa antibiotiki mara kwa mara bila nafuu.

Tarehe ina maana pia katika tiba. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa, lakini michanga huweza kunusurika. Aliyetoka majarubani wiki mbili zilizopita anaweza kumeza dawa sawasawa na bado akaugua, hivyo apangiwe kurudi baada ya wiki sita hadi nane kwa dozi nyingine.