Kulia, Kuliza na Kulilia: Maoni ya Mtazamaji juu ya Anime za Huzuni

Si desturi ya jarida la uchunguzi wa lugha kufungua kurasa zake kwa mazungumzo ya filamu, sembuse filamu za kuchorwa, ambazo watu wazima wengi huzihesabu kuwa ni mchezo wa watoto. Natumaini wasomaji wataniwia radhi. Mimi si mjuzi wa filamu, wala sidai kuwa nimeziona nyingi. Lakini katika kuzitazama hizo chache nilikutana na maswali ya maana ya maneno yetu wenyewe, na maswali hayo yamekataa kunitoka.

Kwanza jina lenyewe. Wajapani walilichukua neno la Kiingereza lenye maana ya kuipa michoro uhai, wakalikata mkia, likabaki anime. Tangu Tetsuwan Atomu ilipoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani, tarehe 1 Januari, 1963, kazi ya namna hii imekua hata ikawa na vipindi vya kila umri na kila shauku. Sisi twasema katuni, au vibonzo. Maneno yote mawili yana harufu ya kicheko: msikilizaji akiyasikia hutazamia kuona paka akimfukuza panya. Mtu akisema kwamba amelizwa na kibonzo, watu humcheka yeye kabla ya kumwuliza sababu. Kwa hiyo katika makala haya nitalitumia neno anime kama lilivyo, na kulipatanisha kama tupatanishavyo filamu: anime hii, anime hizi.

Nilizitazama nyumbani, Nanganga, mahali ambapo barabara itokayo Lindi kwenda Masasi hugawanyika na kutoa tawi la kwenda Ruangwa. Ni katika bonde la mto Lukuledi, ambalo kwa upande wa kusini limepakana na uwanda wa juu wa Makonde. Vijana wa huko hutazama mpira na filamu za mapigano katika kibanda umiza, jina ambalo nadhani halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kukaa saa mbili juu ya ubao wake. Anime za huzuni hazionyeshwi humo. Hizo hutazamwa katika simu, mtu peke yake au wawili waliosogeleana, zikiwa zimehamishwa kutoka kadi hata kadi. Aliyenionyesha ni mpwa wangu, ambaye baada ya shikamoo na habari za safari aliniwekea simu mkononi akasema, "Mjomba, hii humalizi bila kulia." Nilimjibu kwamba mimi nimezika watu wengi na machozi yangu nayajua yalipo. Alinyamaza, akabonyeza.

Wenye shaka huuliza: mtu mzima aweza vipi kuililia sura ambayo ajua kabisa kuwa ni wino na rangi? Methali yetu yasema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Lakini methali hiyo yamhusu mchongaji, haimhusu mtazamaji. Wamakonde, ambao vinyago vyao vimefika katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, wajua kwamba mti ukipewa uso waweza kumfanya mtu anyamaze, acheke au akimbie. Uso wa kinyago una mistari michache kuliko uso wa mtu, na kwa sababu hiyo mtazamaji huujaza mwenyewe. Naona uso wa anime hutenda vivyo hivyo: macho makubwa, mdomo mdogo, na mahali patupu pengi pa kuweka jamaa zako.

Sasa niingie katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Kitenzi lia chatupa, katika kauli ya kutendesha, liza. Na katika kauli ya kutendea, lilia. Kwa sarufi tupu tofauti ni nyepesi: wa kwanza humfanya mwingine alie, wa pili hulia kwa ajili ya mwingine. Lakini matumizi yameipanua tofauti hiyo. Mtu aliyeibiwa au kudhulumiwa fedha zake husema, "Wameniliza." Hana machozi machoni, asemacho ni kwamba kitu kimetolewa kwake kwa hila. Kulilia hakuna maana hiyo kamwe. Alilie mamaye mtu amempa mamaye kitu. Basi mimi nimezipima anime kwa vitenzi hivi viwili, na sijapata kipimo bora.

Kwa kipimo hicho Anohana, yenye sehemu 11 na iliyotolewa mwaka 2011, nimeiweka upande wa kuliza. Ni hadithi ya rafiki wa utotoni waliotawanyika baada ya mwenzao mmoja kufa, naye akarudi kwa umbo lisiloonekana ila na mmoja wao. Mwanzo wake ni mzuri sana. Lakini katika sehemu ya mwisho wahusika wenyewe wanalia kwa sauti, wote pamoja, kwa muda mrefu, hata mtazamaji hana kazi iliyobaki. Mpwa wangu hakubaliani nami hata kidogo, naye aliitazama mara tatu.

Clannad: After Story, iliyoonyeshwa kati ya Oktoba 2008 na Machi 2009, ina mizani migumu zaidi. Tomoya, kijana fundi wa umeme, anafiwa na mkewe Nagisa wakati wa kujifungua. Mtoto, Ushio, anaishi. Baba hawezi kumtazama. Anamwacha kwa wazazi wa marehemu, naye anajizamisha katika kazi muda wa miaka mitano. Hatimaye wanasafiri wawili, baba na binti wasiojuana. Katika shamba la maua mtoto anapoteza kitu cha kuchezea ambacho baba alimnunulia, naye hataki kingine, kwa kuwa hicho ndicho cha kwanza kupewa na baba. Halii. Kisha baba anapomwomba wakae pamoja, mtoto anaeleza alivyofundishwa na bibi yake: pa kulilia ni mahali pawili tu, msalani na kifuani pa baba. Ndipo analia.

Msomaji wa Kiswahili akifika hapo husimama, kwa sababu lugha yetu nayo imeyapa machozi mahali. Kilio ni tendo la kulia. Tena kilio ni msiba wenyewe, na ukikitia -ni ya mahali chawa kilioni, pahali ambapo mtu huenda, hukaa, hula na kurudi. Nje ya hapo, mwanamume huambiwa, "Jikaze." Hata kilioni penyewe huambiwa hivyo, na kwa kweli nimeona vijana wa kwetu wakichimba kaburi la baba yao kwa uso mkavu kama mpini wa jembe. Mmoja wao nilimkuta miezi baadaye nyuma ya nyumba, amejifunika kanga ya mama yake kichwani, simu imo ndani ya kanga, mabega yanatetemeka. Sikumwuliza atazama nini. Nilipita kama mtu aliyesahau kitu barabarani.

Laiti Clannad ingekomea katika lile shamba la maua! Lakini mtunzi anamwua na mtoto pia, katika theluji, kisha kwa muujiza anaurudisha wakati nyuma, mama na mtoto wote wazima. Wapo wanaoutetea mwisho huo, na hoja zao, kwamba muujiza uliandaliwa tangu mwanzo, zina nguvu. Mimi nilijiona kama mtu aliyetoa rambirambi, kisha akaambiwa marehemu alikuwa safarini.

Kampuni iliyoitengeneza, Kyoto Animation, ndiyo iliyotengeneza pia Violet Evergarden, sehemu 13, zilizoonyeshwa kuanzia Januari hadi Aprili 2018. (Tarehe 18 Julai, 2019, mtu alitia moto jengo la kampuni hiyo, wakafa watu 36.) Hii ndiyo niiwekayo mbele ya zote. Violet alilelewa kama chombo cha vita, na vitani alipoteza mikono yote miwili. Sasa ana mikono ya chuma, nayo anaitumia kupiga taipu barua za watu wasioweza kuziandika wenyewe. Barua zake za awali ni kavu kama taarifa ya jeshi: ukweli wote umo, na aliyeandikiwa anachukizwa.

Nilicheka hapo, kisha nikaacha kucheka. Katika miaka ya 1970 nilikuwa mtoto wa shule, na wazee wa kwetu waliniita niwaandikie barua za kwenda kwa wana wao waliokuwa katika mashamba ya mkonge, Tanga. Nilikuwa na kosa lililo kinyume cha la Violet. Nilizijua kanuni zote: baada ya salamu, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu, sisi huku hatujambo, wasalamu. Bibi yangu alikuwa akisema kwa Kimwera, nami nikitia Kiswahili cha shuleni. Siku moja alisema, nimwambie mjomba kwamba amechoka kuhesabu mvua. Sikuiona barua gani yenye maneno ya namna hiyo. Niliandika kwamba mvua za mwaka huu ni za kutosha. Nilimsomea barua yote, naye, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kidogo, aliridhika. Mjomba alikuja baada ya maziko.

Haya nisingeyataja kama hayakuhusu lugha. Bwana wa Violet, katika maneno yake ya mwisho kwake, alimwambia "aishiteru", naye hakujua maana yake. Sehemu zote 13 ni safari ya kulitafutia neno moja maana. Sisi tuandikao kamusi tungepaswa kumwonea huruma. Nakala niliyoitazama ilikuwa na tafsiri ya Kiingereza chini, nami nilijaribu kuitia katika Kiswahili. Nakupenda? Lakini twapenda pia chai, na mpira, na kukaa kivulini. Kijapani kina suki kwa mapenzi ya namna hiyo, ya chakula na ya mtu pia, na neno la uzito alilolitumia bwana yule wao wenyewe hulitamka kwa nadra. Nakuhibu ni la washairi. Likitamkwa na mtu anayekufa uwanja wa vita litaleta tabasamu. Huba, mahaba na nyonda ni majina, na majina hayatoi ahadi. Mwishowe nilibaki na nakupenda, nikaona kwamba udhaifu wake wafaa: msichana asingalichanganyikiwa na neno lisilosikika kila siku.

Katika sehemu ya 10 mama mgonjwa anamwajiri Violet kwa siku saba. Binti yake, Ann, mwenye miaka saba, anamchukia mgeni huyu anayempunguzia saa za kuwa na mama. Barua zile, hatujui za nani. Mama akiisha kufa, siku ya kuzaliwa ya Ann inaletwa barua. Na mwaka wa pili nyingine. Nazo ni 50, moja kwa kila mwaka. Violet, ambaye mbele ya mtoto hakudondosha chozi, analia akiisha rudi ofisini. Hakuna aliyeniliza hapo. Nililia mwenyewe, na nilijua namlilia nani.

Baadaye niliwasimulia sehemu hiyo wazee watatu barazani, kwa Kiswahili, nikitia Kimwera palipohitaji. Walisikiliza bila neno. Kisha mama mmoja mzee akauliza hizo barua zilikaa kwa nani miaka yote hiyo, maana karatasi huliwa na mchwa. Mpwa wangu akamjibu, "Posta, bibi. Posta yao ilizitunza." Yule mama akatafakari kidogo, akataka kujua kama mtoto alikuwa akisoma barua yenyewe, au alikuwa akisomewa.