Kusimama Si Kuacha

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Je, mwanafunzi aliyesimamisha masomo akirejea, atakuta msaada wake ungali unamngoja?

Sisi wa Chechelesi swali hili twalijua vizuri. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo huku kaskazini mwa Kenya. Mifugo ilikufa, na kwa wengi wetu mbuzi ndiye karo. Mzazi akihama kufuata malisho, au akikosa la kuuza, dawati hubaki tupu.

Sheria haimfungii mtu mlango. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa kila mtoto haki ya kusoma, sekondari ikiwemo. Msichana aliyejifungua ameruhusiwa kurudi darasani tangu 1994, na mwongozo wa 2020 ukawataja pia walioacha kwa sababu nyingine.

Basi shida iko wapi? Iko kwenye sajili! Zile shilingi 22,244 ambazo serikali ilipangia kila mwanafunzi kwa mwaka kuanzia 2018 hugawiwa kwa hesabu ya majina yaliyosajiliwa. Basari nayo haitiwi mkononi mwa mzazi. Hundi huandikwa kwa jina la shule, ikiandamana na jina lako na nambari yako ya usajili. Ukipotea kimya kimya na jina likafutwa, hundi ikija haina mwenyewe. Huenda ikarudishwa ilikotoka, nawe uanze foleni upya.

Kwa hivyo, ndugu yangu, ukilazimika kusimama, fanya haya. Kwanza, mzazi amwandikie mwalimu mkuu barua, ataje sababu na muhula wa kurejea, na nakala abaki nayo. Pili, mwone chifu. Muhuri wake hutakiwa mara nyingi kwenye fomu za basari. Tatu, fomu zikitoka, jaza hata kama uko nyumbani, na uombe shule ithibitishe kwamba nafasi yako ipo. Kamati yaweza kukataa, lakini asiyeomba hapewi.

Na sisi tuliobaki darasani je? Tusimcheke aliyeondoka, jamani. Fomu zikibandikwa ubaoni, tumpelekee habari. Leo ni yeye, kesho ni wewe.