Fahamu: Mikopo ya ‘kausha damu’ ni nini?

Ni mikopo ya haraka, yenye riba kubwa na marejesho ya kila siku au kila wiki, inayowabana hasa wanawake wenye biashara ndogo nchini Tanzania.

Kwa nini bado ipo?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, lakini Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na kibali. Wapo wanaosema mkopaji alisaini kwa hiari. Kweli, lakini hiari ya mama ntilie anayetafuta mtaji wa kesho asubuhi ni finyu mno: benki humdai dhamana na subira, mkopeshaji wa mtaani humwandikisha friji na televisheni tu. Programu zikifungwa bila mikopo halali kuharakishwa, atabisha hodi mlango wa pili.