Mita 60 za Ufuko na Siha ya Watoto

Bahari inapokupwa Kaole, huku Bagamoyo, na mchanga uliolowa ukakaza chini ya nyayo, watoto hupata uwanja usiolipiwa na halmashauri yoyote: vifuu viwili huwa goli, matambara yaliyoviringwa na kukazwa kwa kamba huwa mpira, na chandimu huendelea hata maji yatakaporejea kujaa.

Wako wazazi wanaodhani kuwa huko ni kupoteza wakati, ilhali mwili wa mtoto wahitaji mambo hayo hayo. Kila arukapo na kutua, mifupa yake hupokea kishindo, na chembe hai zilizomo ndani yake, zikikihisi, huchochea mfupa ujengeke imara zaidi, nayo ni akiba ambayo utu uzimani haikusanyiki kwa wepesi ule. Jicho nalo lina haja ya mchana: mwanga wa nje, ambao aghalabu hupita luksi 10,000 na wa darasani ukawa mia chache tu, wataalamu wanaona kuwa huifanya retina itoe dopamini, na dopamini hulizuia jicho lisirefuke kupita kiasi, kwani jicho lililorefuka ndilo lisiloona mbali. Serikali ya Taiwan, ilipoona wanafunzi wenye uoni hafifu wakizidi mwaka hata mwaka, ilianzisha mwaka 2010 mpango wa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku. Na katika shule za msingi, kiwango kilichokuwa kikipanda kikashuka kutoka asilimia 49.4 mwaka 2012 hadi 46.1 mwaka 2015. Si tone kubwa la dawa, lakini ni dawa ya bure, na iliyoitoa ni amri ya serikali.

Kwetu Tanzania sheria haikosekani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja kucheza miongoni mwa haki ambazo mzazi yampasa kumtimizia mwanawe. Lakini mzazi atampaje uwanja asioumiliki, maadamu ardhi ya pwani inazidi kupimwa, kuuzwa na kuzungushiwa kuta? Kwa hiyo naona yafaa tuisome pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 chakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Ilitungwa ili kuhifadhi ufuko, wala haikuwataja watoto; hata hivyo, ikisimamiwa barabara, imekwisha kuwawekea uwanja mrefu kuliko wowote ambao bajeti ya wilaya ingeweza kuununua.

Yabaki namna ya kuufikia. Dar es Salaam, shirika la Amend, katika mpango wake uitwao SARSAI uliotunukiwa Tuzo ya Ross ya Miji mwaka 2019, limejenga matuta, vivuko na njia za waendao kwa miguu kandokando ya shule, na ajali za watoto zikapungua kwa takriban robo. Na barabara za Bagamoyo zahitaji vivyo hivyo. Fauka ya hayo, njia za umma ziendazo ufukoni sharti zichorwe katika ramani ya mipango miji kabla hati hazijatolewa, kwani hati ikishatoka, njia hairudi ila kwa fidia au kwa kesi ya miaka mingi, na mtoto wa leo atakuwa amekwisha kukua.